Kuchagua Nyaya za Plagi kwa Mashine Kuukuu za Boti: Kiini Kwanza, Rangi Baadaye

Asubuhi boti zinaporudi Deep Sea au Sahare hapa Tanga, mashine nyingi utakazoziona nyuma ya boti ni Yamaha, lakini katikati yake bado imo Johnson au Evinrude iliyopauka rangi, na kwenye banda la mtu utaikuta Seagull ya Kiingereza imefunikwa gunia, nayo ina umri mkubwa kuliko kijana aliyetumwa kuivuta kamba. Mashine hizi zimedumu kwa sababu sehemu zake zinazoweza kuharibika ni chache. Mojawapo, na ndiyo inayoharibika kimyakimya, ni waya unaopeleka moto kutoka kwenye koili, yaani kifaa kinachoukuza umeme, hadi kwenye plagi. Kwa kuwa kwa nje waya huo huonekana mzima, mwenye mashine hubadilisha plagi, akasafisha kabureta, akalaumu hata mafuta aliyouziwa, kabla hajaushuku.

Mwongozo huu unahusu jinsi ya kuchagua waya wa kuwekwa mahali pa ule wa zamani. Waya wa plagi huchaguliwa kwa kiini chake, yaani kile kinachopitisha umeme katikati. Baada ya hapo huangaliwa unene, kisha ganda, kisha ncha zake. Rangi haina kazi yoyote. Madukani utaratibu huu hugeuzwa juu chini, na mimi mwenyewe nimewahi kuugeuza. Nina Johnson ya nguvu za farasi 6, ya mwishoni mwa miaka ya 1960, yenye silinda mbili. Niliinunulia Ngamiani waya mwekundu, mnene, laini mkononi, ambao muuzaji alinihakikishia kuwa ni wa gari kubwa, kwa hiyo mashine ndogo haiwezi kuushinda. Kwa siku tatu mashine ilinguruma vizuri. Siku ya nne, tukiwa tumekwisha kukipita kisiwa cha Toten tukielekea Yambe, silinda moja ikafa, tukarudi na ile iliyobaki, boti nzima ikitetemeka kama mashine ya kukoboa. Nilipoifungua jioni nilikuta kwamba sindano ya koili, ambayo hutakiwa kuchoma katikati ya nyuzi za shaba, ilikuwa imesimama peke yake ndani ya tundu lenye unga mweusi. Kiini cha waya ule kilikuwa cha kaboni, nacho kilikuwa kimeungua kuizunguka sindano, kikaacha nafasi ambayo moto ulilazimika kuiruka kila mara.

Kabla ya kununua: hakikisha kwamba kosa ni la waya

Kipimo rahisi hufanyika usiku. Boti ikiwa majini, au mashine ikiwa imefungwa kwenye pipa lililojaa maji, iwashe na uiache ikimbie polepole bila kifuniko chake. Usiiwashe kavu hata kwa muda mfupi, kwa sababu mpira wa pampu ya maji hutegemea maji hayohayo kuulainisha na huungua upesi. Zima taa zote, kisha nyunyiza maji yenye chumvi kidogo kwa chupa ya kunyunyizia, kama ile ya kinyozi, kuufuata waya tangu koili hadi plagi. Ganda likiwa limepasuka utaona vicheche vya buluu vikitambaa juu ya waya au vikirukia chuma kilicho karibu, na utasikia mlio mdogo unaofanana na mafuta ya vitumbua yanapoangukiwa na tone la maji. Kabla ya kuanza, hakikisha kwamba hakuna petroli inayovuja, wala nguo inayoning'inia karibu na flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka juu ya injini, na mikono yako ikae mbali na nyaya. Ukimaliza, suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi na ukaushe.

Mashine ambayo huwaka vizuri ikiwa kavu na kuanza kumisi mara mawimbi ya kusi yanapoanza kurusha maji juu ya kifuniko ina dalili ileile, hata kabla ya kipimo cha usiku. Hata hivyo, koili iliyopasuka nayo huvujisha moto hivyohivyo, na koili za zamani za Johnson na Evinrude zinajulikana kwa kupasuka ganda lake kwa uzee. Ukiona nyufa kwenye koili, waya mpya hautakusaidia.

Hatua ya kwanza: tambua aina ya mfumo wa moto

Mashine kuukuu zimegawanyika katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni la magneto ya platinamu, yaani mfumo unaozalisha moto kwa sumaku za flaiwili bila betri, ambamo platinamu (swichi ndogo inayokata umeme ili cheche itokee), kondensa na koili zote zimekaa chini ya flaiwili. Kundi la pili, lililoenea kuanzia miaka ya 1970, ni la CDI, ambamo kazi ya platinamu hufanywa na kisanduku cha elektroniki kilichozibwa, na mara nyingi koili huwa zimefungwa ubavuni mwa injini, mahali zinapoonekana bila kung'oa kitu.

Tofauti hii ndiyo inayoamua aina ya kiini. Magneto ya platinamu hutegemea nguvu ya mkono wako unapovuta kamba, na katika mwendo huo mdogo haina moto wa kupoteza; ipewe waya wa kiini cha chuma usio na ukinzani. Kwa mashine ya CDI, rejesha kilekile alichoweka mtengenezaji. Kama waya wa awali, kofia yake inayovaa juu ya plagi, au plagi yenyewe ilikuwa na rezista, yaani kipande cha kuukinza umeme, rezista hiyo iliwekwa ili kupunguza mawimbi ya redio yanayotoka kwenye cheche, ambayo yanaweza kukivuruga kisanduku cha elektroniki kilicho jirani. Kuitoa kwa imani kwamba moto utaongezeka ni kutafuta kosa jingine la kuhangaika nalo wiki ijayo.

Wakati huohuo, angalia jinsi waya ulivyoungwa kwenye koili. Nyingine huchomekwa kwenye sindano, nyingine hukazwa kwenye skrubu yenye ncha kali, nyingine hulehemiwa kwa risasi, na nyingine zimezibwa pamoja na koili kiasi kwamba haziwezi kutolewa. Kwa zile zilizozibwa, nunua koili nzima pamoja na waya wake. Kuunga waya wa plagi katikati, hata ukiviringishia tepu mara kumi, ni kuitengenezea chumvi mlango. Kuhusu Johnson na Evinrude, kampuni ya OMC ya Marekani iliyozitengeneza ilifilisika mwaka 2000, na BRP ya Kanada iliyoliendeleza jina la Evinrude iliacha kuzitengeneza mwaka 2020, lakini koili za magneto za zamani bado hutengenezwa na kampuni za spea kama Sierra.

Hatua ya pili: chunguza kiini

Mwombe muuzaji akukatie kipande, au akuruhusu uone ncha iliyokatwa. Kiini cha chuma huonekana kama fungu la nyuzi nyembamba zinazong'aa, nyekundu zikiwa za shaba tupu, nyeupe zikiwa za shaba iliyopakwa bati au za chuma kisichoshika kutu. Kiini cha kaboni huonekana kama uzi mweusi, na ukiusugua kwa kidole unaacha masizi. Ipo aina ya tatu, ambayo ndani yake kuna waya mwembamba sana uliosokotwa kama springi kuzunguka uzi wa katikati. Hiyo hutumika kwenye magari ya kisasa na baadhi ya mashine za elektroniki, lakini haiwezi kuchomwa na sindano ya magneto bila kukatika.

Ukiwa na mita ya umeme, hutahitaji kuamini macho peke yake. Pima waya kutoka ncha hadi ncha: wenye kiini cha chuma utasoma karibu na sifuri, na wa kaboni utasoma maelfu ya omu, kipimo cha ukinzani. Maandishi kwenye ganda husaidia pia, kwani waya uliotengenezwa kuzuia mawimbi ya redio huandikwa hivyo kwa Kiingereza, lakini wapo wanaouza waya usio na maandishi yoyote, na kwa huo kisu na mita ndiyo mashahidi.

Kaboni siyo waya mbaya. Gari lake limetengenezewa vishikizo maalumu vya kuibana pande zote bila kuitoboa, nalo lina betri ya kulisha koili. Ubaya wake huanza inapoletwa kwenye sindano. Sindano hugusa uzi ule mahali padogo sana, cheche ndogo huanza hapo, kaboni huungua kidogo kidogo, nafasi huongezeka, na hatimaye waya uliokuwa mzima dukani huwa umekatika ndani ya koili, mahali usipoweza kupaona bila kung'oa flaiwili.

Kati ya shaba tupu na shaba yenye bati, ukiweza kupata ya bati, ichukue. Hewa ya pwani hupenya kwenye ncha ya waya na kutembea katikati ya nyuzi, na shaba tupu hugeuka kijani kisha nyeusi hadi ndani kabisa; ukikata sentimita mbili ukidhani umefika penye uzima, unakuta weusi uleule. Hata hivyo shaba tupu iliyozibwa vizuri kwenye ncha hufanya kazi kwa miaka, nayo ndiyo inayopatikana kwa urahisi, maana ni waya uleule ambao mafundi wa bodaboda hukatiwa kwa mita. Mzee mmoja wa Sahare, ambaye mikono yake imefungua magneto nyingi kuliko yangu, nilipomwonyesha waya wangu mwekundu ulioungua aliupima kwa jicho tu akasema, "Mwanangu, huu ni wa kuvaa sikukuu. Wa kazini nenda kauchukue kwa watu wa pikipiki." Nilikwenda, na ndio ulio kwenye mashine hadi leo.

Hatua ya tatu: pima unene

Nyaya za plagi huuzwa kwa kipimo cha nje, yaani kiini pamoja na ganda. Mashine nyingi za zamani hutumia milimita 7, ingawa baadhi ya mashine ndogo hutumia milimita 5. Waya wa milimita 8 au zaidi hauongezi moto, kwa sababu kilichoongezeka ni ganda na siyo shaba, tena hauingii vizuri kwenye tundu la koili wala kwenye mipira inayoushika unapopita chini ya flaiwili. Mwembamba kupita kiasi nao huingia kirahisi, ila huacha mwanya kuzunguka, na kila mwanya ni njia ya maji.

Usipime waya wa zamani mahali ulipolowana oili, kwa sababu mpira huvimba ukikaa na mafuta. Pima sehemu iliyokuwa ndani ya koili au chini ya kibano. Asiye na chombo cha kupimia azungushe ukanda mwembamba wa karatasi mara moja kamili kuuzunguka waya, aweke alama, kisha aunyooshe juu ya rula. Ukisoma milimita 22, waya ni wa 7. Ukisoma 25, ni wa 8. Ukisoma 16 hivi, ni wa 5.

Hatua ya nne: chagua ganda

Magari hutafuta ganda la kustahimili joto la injini. Mashine ya boti hupozwa na maji ya bahari na joto lake siyo tatizo kubwa. Maadui wake ni chumvi, mvuke wa petroli, oili, jua, na kusuguliwa. Ganda la silikoni ni laini, hujipinda vizuri na halipasuki kwa jua, lakini huchanika kirahisi likisugua ukingo wa chuma. Mpira wa sintetiki, ambao ni mgumu kidogo mkononi, hustahimili kusuguliwa zaidi, na kwa waya unaopita chini ya flaiwili mimi huupendelea huo. Ganda la plastiki la bei ya chini huwa gumu likizeeka na hulegea likipata joto. Litumike tu pale ambapo hakuna jingine.

Waya mpya unaweza kuwa mzee. Roli iliyoning'inia miaka mingi kwenye mlango wa duka, ikipigwa na jua la kaskazi kila mchana, imekwisha kuanza kufa. Ukunje waya hadi pande zake zigusane na uangalie mgongo wa kunjo: ukiona mistari midogo kama ya udongo mkavu, urudishe.

Hatua ya tano: ncha na kofia

Ndani ya kofia za mpira za Johnson na Evinrude kuna springi ndogo yenye mwiba. Mwiba huo huchomwa ubavuni mwa waya, karibu sentimita moja kutoka ncha, hadi ufike katikati ya nyuzi, kisha springi hulala mwishoni mwa waya ikisubiri kichwa cha plagi. Usiitumie springi ya zamani yenye kutu, kwani bei yake ni ndogo na kutu yake hurudi kwenye shaba mpya. Kofia isukumwe kwa grisi ya silikoni au maji ya sabuni. Oili ya injini itauvimbisha mpira.

Ukichagua kofia ngumu ya kukazwa kwa skrubu, soma namba yake. Katika kofia za kampuni ya NGK, tarakimu 05 humaanisha rezista ya omu 5,000, kama ilivyo kwenye LB05F. Plagi nazo hutofautishwa hivyohivyo: B7HS haina rezista na BR7HS inayo. Kofia yenye rezista juu ya plagi yenye rezista, kwenye magneto kuukuu ambayo sumaku zake zimechoka, ni mzigo usio wa lazima. Angalia pia jinsi kofia inavyoshika plagi, kwa sababu nyingine hushika kile kichwa kidogo cha plagi na nyingine hutaka kichwa hicho kifunguliwe ili zishike nyuzi za skrubu zilizo chini yake. Kofia isiyolingana huweza kukaa kama imeingia, halafu ikaruka ukiwa mbali na pwani.

Hatua ya sita: kukata, kupitisha na kufunga

Weka alama nyaya za zamani kabla ya kuzitoa. Katika mashine za silinda mbili zilizosimama, silinda namba moja ni ya juu, na nyaya zikipishana plagi zitawaka kwa wakati usio wao, mashine irudishe moto kwenye kabureta au ikatae kabisa kuwaka.

Flaiwili ing'olewe kwa puli inayoshika kwenye matundu yake ya bolti, na kamwe isipigwe nyundo kwenye ncha ya shafti. Ukiwa umefika huko, kagua koili, na upime nafasi ya platinamu, ambayo kwa Johnson na Evinrude nyingi za aina hii ni inchi 0.020, yaani takribani nusu milimita. Sitaeleza zaidi kuhusu platinamu hapa.

Urefu ndipo wengi wanapokosea, hata wakiwa wamenunua waya sahihi. Katika magneto nyingi za OMC, sahani iliyobeba koili huzunguka kila unapoongeza mafuta, ili moto uwahi kadiri mwendo unavyozidi. Nyaya za plagi zimefungwa kwenye koili zilizo juu ya sahani hiyo, kwa hiyo nazo husogea kila safari, mara mamia. Waya uliokatwa kwa kubana huvutwa na kuchomoka kwenye sindano ukifungua mafuta yote. Uliolegea kupita kiasi hupanda na kuliwa na flaiwili. Chukua kipande cha kamba, kipitishe njia nzima ya waya, sukuma mpini wa mafuta hadi mwisho, urudishe hadi mwanzo, na ukate waya kwa urefu unaotosha pande zote mbili bila kukaza. Baada ya kufunga, zungusha flaiwili kwa mkono huku ukiangalia kila pembe.

Kata ncha kwa kisu kikali, iwe mraba, bila nyuzi zilizotawanyika. Isukume kwenye sindano kwa kunyoosha, siyo kwa kuzungusha, hadi ifike chini ya tundu. Kwa koili ya skrubu, zungusha mpaka ukaze. Paka grisi ya silikoni kidogo kuzunguka ganda linapoingia kwenye koili, lakini isiingie kwenye nyuzi, kwa kuwa grisi hiyo haipitishi umeme.

Hatua ya saba: kupima kabla ya kwenda majini

Pima kwa mita kutoka springi ya kofia hadi kwenye arthi ya injini, ukilinganisha na kipimo cha koili kilichoandikwa kwenye kitabu cha mashine hiyo. Usomaji ukirukaruka unapoutikisa waya, ncha mojawapo haijashika.

Kisha angalia moto wenyewe kwa kifaa cha kupimia cheche chenye nafasi inayorekebishika, mahali penye kivuli, kwani cheche nzuri haionekani kwenye jua la mchana. Magneto ya platinamu inatakiwa kuruka nafasi ya milimita 6 hivi, na CDI nzima huruka hadi milimita 11. Cheche iwe ya buluu na yenye mlio. Usivute kamba waya ukiwa unaning'inia bila arthi, kwa sababu moto ukikosa pa kwenda hutoboa koili kutoka ndani. Kwenye mashine ambayo koili moja hulisha plagi mbili, nyaya zote mbili ziwe na mahali pa kurukia. Tangi la petroli likae mbali na mahali pa kupimia.

Kipande cha waya kinachobaki usikitupe. Kikate kwa urefu wa waya mrefu kuliko yote kwenye mashine yako, kifunge springi na kofia upande mmoja, ziba upande wa pili kwa tepu, ukikunje kwa duara pana na ukitie kwenye kopo kavu pamoja na plagi ya akiba na spana yake. Waya huo utafaa kwenye silinda yoyote ya koili iliyo nje. Kwa magneto ya chini ya flaiwili, ongeza puli kwenye kopo hilo. Bila puli, waya wa akiba utakusindikiza tu hadi nyumbani.